Beshik Tupu Haibembelezwi

Siku ilianza kama siku zetu zote za baridi: theluji mpaka magotini, jua jeupe lisilo na joto, na Apa Ziyash, kwetu apa ni bibi, jikoni akikaanga baursak, yale maandazi yetu, huku mjukuu wake Beket kamkamata kwapani kama kifurushi cha unga. Makpal, mkwe wake, mama wa Beket, ni jirani yangu. Nyumba zetu zimetengwa na ua wa bati tu, tena bati lenyewe la roketi, maana huku nyika ya Ulytau vipande vya roketi huanguka na wanaume huviokota, ukikuta zizi la kondoo linang'aa kuliko nyumba usishangae. Haya Makpal kanisimulia mwenyewe, mchana, mlango ukiwa wazi.

Kazi ya Makpal ni kutengeneza mchezo wa kompyuta. Unavaa miwani mikubwa inayofunika uso mzima, unashika rimoti kila mkono, na papo hapo nyumba haipo tena, unaelea juu ya dunia na mbele yako takataka za angani, setilaiti zilizokufa na matumbo ya roketi yaliyoachwa yakizunguka ovyo. Unalifuata moja, unalishika mpaka litulie, unalifunga kamba, unalisukuma chini likaungue. Walikuwa wanautengeneza wawili, yeye na kijana wa mjini Almaty anaitwa Erzat, kwa simu, na walikubaliana mchezo uwe kimya kabisa, kwa sababu angani hakuna hewa, na pasipo hewa hapana sauti.

"Dada, takataka zako zinazunguka kama feni," Erzat alimwambia asubuhi ile. "Roketi zima linacheza kama soksi kwenye kamba."

"Njoo ulizungushe wewe."

"Mimi sina mtoto wa kunifundisha kubembeleza. Tafuta kitu kizito kinachoyumba, urekodi mwendo wake."

Basi Makpal akageuka, macho yakaangukia beshik pale dirishani, kitanda cha mtoto, cha mbao, chenye miguu ya upinde na mti mmoja juu unaoushika unapobembeleza. Mtoto yuko jikoni na bibi yake. Akafunga rimoti kwenye ule mti, akaanza kuibembeleza beshik tupu, huku, huku, polepole, na kompyuta ikimeza kila myumbo.

Apa Ziyash akatokea mlangoni. Hakupiga kelele. Alikuja akaushika mti mpaka ukatulia.

"Beshik tupu haibembelezwi," alinong'ona. "Unamwita nani aje alale humo?"

"Ni kazi tu, Apa. Dakika moja."

"Mwenye njaa haulizi kama umemwita kwa kazi au kwa utani."

Makpal akacheka, anakiri mwenyewe kwamba alicheka, kisha akauingiza ule mwendo kwenye mchezo. Ukawa mzuri ajabu. Roketi kubwa liliyumba kwa uzito wake, mdomo wazi kama kisima, na alipovaa miwani akaelea karibu alitazame vizuri, akasikia mtu anaimba. Chini chini. Kama mama anayemalizia mtoto usingizi.

Alivua miwani. Nyumba kimya, Apa yuko nje anatoa majivu. Kwenye beshik Beket amelala, bibi yake kamlaza, na kifua chake kinapanda na kushuka taratibu mno, kwa mwendo uleule wa roketi.

Tangu siku hiyo mtoto akaanza kwisha. Ziwa halimalizi, analia bila sauti, midomo ina rangi ya moshi. Zahanati wakamsikiliza mapafu, wakasema ni safi. Serzhan, mume wa Makpal, yuko zamu mgodini, kila akipiga simu anasema mrudisheni zahanati, na kila wakimrudisha wanaambiwa safi. Makpal akaufuta ule mwendo kwenye mchezo. Akalaza sikio kifuani kwa mwanawe. Bado. Huku, huku, kama roketi.

Simu ikalia.

"Safi sana, dada," alisema Erzat. "Huo mwendo ndio wenyewe."

"Nimeufuta, Erzat."

"Umeufuta wapi wakati nautazama hapa? Na huo mkono ulioshika ukingo wa roketi, nani kauchora? Mrefu kidogo, lakini unatisha vizuri."

Makpal hakuwahi kuchora mkono wowote.

Alimweleza Apa yote. Mama mkwe akafungua mlango wa jiko la makaa, akanyoosha kiganja. "Lete hiyo miwani."

"Ukiichoma umefunga mlango tu, Apa. Huyo mwenye mkono anabaki ndani na pumzi ya mwanangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakwenda kumtoa. Mle ndani nimejenga mimi. Kila nyota nimeiweka kwa mkono wangu. Hawezi kunitisha kwangu."

Apa alimsogelea. "Ni albasti huyo," akasema taratibu, na jina hilo huku halitajwi mbele ya mzazi, maana ni jini mke anayewinda vichanga na kuwanyang'anya pumzi. "Marehemu mama alikuwa akisema, ukimkimbia anakufuata. Humwogopa anayemsema usoni."

"Ulimi ninao."

"Hilo wala usiniambie," alisema Apa, na akafunga jiko.

Kazi hiyo wakaifanya adhuhuri, jua limejaa chumbani. Apa akamfunga Beket ndani ya beshik, akaweka kisu chini ya mto wake kama kinga, akashika mti na kuanza kubembeleza. "Mimi siachi," alisema. "Nenda."

Makpal akavaa miwani.

Dunia chini, ya buluu. Roketi mbele, linayumba. Na wimbo ule, mahali pasipo hewa.

Akafanya kama mchezo unavyotaka. Akalishika roketi kwa mikono miwili, akalizuia. Likapunguza mwendo. Likakaribia kutulia.

Nyuma yake, kutoka chumbani, mnong'ono wa Apa. "Makpal. Hapumui."

Akaliachia. Likayumba tena.

"Anapumua," alisema Apa. "Mwanangu, usirudie."

Hapo ndipo Makpal alipouona mtego. Akilituliza, mtoto anakufa. Akiliacha, mtoto anakwisha kidogo kidogo. Akaingiza kichwa ndani ya mdomo wa roketi.

Kulikuwa na beshik humo. Nyeusi, kuukuu. Hakuiweka yeye. Mkono umeshika mti wake, mkono tu unaonekana, kilichobaki chote ni giza. Wimbo ukakatika.

"Tupu," giza likanong'ona. "Ulibembeleza tupu. Uliniita."

Anasema alitaka kuvua miwani, alitaka sana. Hakuvua.

"Nilikosea," akasema. "Beshik yangu ina mwenyewe. Anaitwa Beket, ana bibi, ana baba, ana mama mwenye maziwa. Wewe una nani?"

Mkono ukaukaza mti.

"Nakuuliza wewe unayeimbia mbao. Una nani?"

Ule mkono ukaanza kubembeleza kwa kasi. Chumbani Beket akakoroma kama anayekabwa. Makpal akatoa kamba ya mchezo, ile ya kufungia takataka, lakini hakuifunga kwenye roketi.

Akaifunga kwenye kifundo cha mkono.

Baridi ikampanda mpaka bega, bega lake la kweli. Hakuachia. Akavuta. Mkono ukang'ang'ania mti. Akavuta tena.

"Takataka siyo roketi," akasema. "Takataka ni wewe."

Mti ukakatika. Mkono, giza na mti, vyote vikatoka mdomoni mwa roketi, vikapita ubavuni kwake. Kitu kama nywele kikamgusa shavu. Akasukuma kwa mikono yote miwili. Vikaanguka kuelekea dunia, vikawaka bila sauti, mstari mmoja mwembamba wa moto.

Ndipo Beket akalia. Kilio kinene cha hasira, mpaka nikakisikia kwangu ng'ambo ya bati. Makpal alipovua miwani, Apa alikuwa bado anabembeleza, machozi mpaka kidevuni, na mkono wake mwingine unampiga mkwe wake mgongoni. "Mjinga wewe," anamwambia. "Mjinga kabisa. Mnyonyeshe."

Mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Hapo ndipo kitu kikaanguka uani, kishindo kizito, kondoo wakasambaa.

Walitoka wote, mtoto kifuani. Theluji ilikuwa imeyeyuka duara, na katikati umelala mti mfupi, ncha zote mbili zimeungua, unafuka.

"Roketi," alisema Apa, kwa kusema tu.

"Roketi halina mti, Apa."

Mgongoni ule mti ulikuwa na mifuo, umelika kama mpini ulioshikwa vizazi na vizazi. Makpal akauokota. Akaweka kiganja chake pale, vidole vikaingia kila kimoja kwenye mfuo wake, na mfuo mmoja ukabaki bila kidole.

Apa alitaka ukazikwe mbali nyikani. Makpal akaleta nyundo na misumari, akaupigilia juu ya lango lao, upande wa nje.

"Akiutaka aje mchana," alisema, "agonge kama watu."

Mchezo hakuuacha. Aliumaliza na Erzat, na watoto wa mtaa wetu hupanga foleni kwake kuucheza, wa kwangu akiwemo, ingawa mimi hukaa mlangoni mpaka avue ile miwani. Beket sasa anatembea. Theluji ya mwaka huu imefunika paa, ua, lango lote. Juu ya ule mti haitui.