Karatasi ya Marehemu Metodi

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma cha Lada Niva. Ya pili ilipita juu ya paa.

Boyana Kerezova hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akakanyaga mafuta na kuikata kona kwa gia ya pili, magurudumu yakirusha changarawe bondeni. Nyuma yake Škoda Octavia nyeusi ilikuwa imebakiza mita themanini.

Redio ikakoroma: ofisi iliyomtuma ilikuwa ikimwita kwa jina lake la kazini.

"Korongo, Dawati hapa. Uko wapi?"

"Kilomita moja kutoka Lipovo. Nina wageni."

"Wangapi?"

"Wawili. Dereva anazijua barabara hizi."

"Librena wanafuta saa sita kamili mchana. Itafute nakala ya mwalimu."

"Nimekupata."

Alibonyeza kitufe chini ya usukani. Kisanduku kilichofichwa nyuma ya bampa kikafunguka na kumwaga misumari ya ncha nne barabarani. Octavia ikayumba, ikakwaruza ukuta wa mlima, ikasimama.

Watakuja kwa miguu. Amepata dakika kumi.

Hebu tuseme mambo yalivyo. Librena ndilo lililokuwa duka kubwa la vitabu mtandaoni, na lilikuwa likiuza vitabu bila kuviuza. Ulilipa bei kamili, ukabonyeza palipoandikwa "nunua", kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, ukaambiwa umepewa ruhusa tu ya kusoma, na ruhusa hiyo wanaweza kuiondoa wakati wowote. Umeuziwa mbuzi, kamba imebaki mkononi mwa muuzaji. Inatia kinyaa. Na kinyaa kinazidi ukikumbuka kwamba watu wazima wenye tai na shahada walikaa kitako wakayaandika hayo, halafu wakaenda kula chakula cha mchana.

Nevena Ralcheva, mwalimu mstaafu wa Lipovo, alikuwa ametembea vijiji vya milima ya Rodopi kwa miaka arobaini akiandika dawa za mitishamba, kila dawa na jina la mwanamke aliyemfundisha. Librena walimjia na maua. Walichukua madaftari yake kumi na tisa wakisema wanakwenda kuyapiga picha, wakayasaga. Kitabu kikabaki ndani ya vishikwambi vyao tu, kimetiwa kufuli. Hakinakiliki, hakichapishiki, hakiazimishwi. Sasa kampuni moja ya dawa ya ng'ambo ilikuwa imewalipa wakifute. Kesho yake kampuni hiyo ingesimama mbele ya ofisi ya hataza na kudai kwamba dawa zote zile imezigundua yenyewe.

Siku waliyochagua kukifuta ilikuwa tarehe ishirini na nne Mei, siku yetu ya herufi, sikukuu ya alfabeti na vitabu nchini kwetu. Watu wa aina hiyo hawana aibu hata ya kuazima.

Boyana alipoingia Lipovo redio ilikufa. Gari la kijivu lisilo na madirisha lilikuwa limeegeshwa uwanjani tangu asubuhi, limefungwa, na ndani yake mtambo wa kuziba mawimbi ulikuwa ukinguruma. Hakuna simu iliyopata mtandao kijiji kizima. Watoto wa shule walikuwa wakijipanga kwa gwaride, mashada ya maua vichwani, mpiga zumari ya mfuko wa ngozi akijaribu pumzi.

Mwalimu Nevena alikuwa mlangoni mwa nyumba ya kusomea, maktaba ya kijiji, amevaa gauni lake la sikukuu.

"Umechelewa, mwanangu."

"Nilisindikizwa, mwalimu. Nakala iko wapi?"

"Anayo Metodi."

"Metodi ni nani?"

"Mume wangu."

Akaelekeza kidole kwenye tangazo la msiba lililobandikwa mlangoni, desturi ya huko ya kuwakumbuka marehemu kila mwaka. Karatasi moja, fremu nyeusi, picha ya mwanamume mwenye masharubu, na chini yake: *Miaka sita bila wewe.* Kushoto na kulia kwake walikuwapo marehemu wengine saba.

"Niliandika yote kwenye kompyuta ya shule kabla hawajachukua madaftari," mwalimu alinong'ona. "Kadi iko nyuma ya picha yake. Hakuniangusha akiwa hai, hataniangusha sasa."

Boyana aliinua mkono, kisha akaushusha. Bila mtandao kadi ile ilikuwa kipande cha plastiki tu, na vishindo vya viatu vilikuwa vimeshafika kwenye ngazi.

"Iache hapo hapo," alisema.

Mtu wa kwanza alikuwa Lothar Wiebe, mkuu wa usalama wa Librena, suti ya kitani imeloa jasho, rimoti ya gari la kijivu mkononi. Wa pili alikuwa Grozdan, dereva, bonge la mtu, mwenyeji wa bonde lile lile. Alishika bastola ya Makarov kama mtu aliyeshika bomba la kumwagilia bustani.

"Simameni ukutani," Wiebe alisema. "Grozdan, wapekue."

Grozdan aliwapekua. Alichukua bastola ya Boyana, simu yake na kalamu yake, akamwachia saa ya Casio. Kisha akaingia ndani, akamwaga makabati, akachana mito, akang'oa mbao mbili za sakafu. Alirudi na vumbi kwenye nyusi.

"Hakuna kitu, bosi. Mkoba wa bibi una biskuti tu."

"Kijana," mwalimu Nevena alisema, "wewe si mjukuu wa Sevda wa kule kinuni?"

"Nyamaza, bibi."

"Bibi yako angekuona leo angekuchapa na mwiko."

"Nimesema nyamaza, bibi." Sauti yake ilishuka kidogo.

Wiebe hakuwasikia. Alikuwa ameukazia macho mlango.

"Haya makaratasi ni nini?"

"Ni watu waliokufa, bosi."

"Yabandue."

Grozdan hakusogea.

"Umesikia? Yabandue yote, nione nyuma."

"Bosi, kazi nyingine yoyote. Ukitaka nivunje na choo, navunja. Lakini haya hayabanduliwi. Yanabanduliwa na mvua."

"Ni karatasi, mpumbavu wewe."

"Ni marehemu."

Wiebe akanyoosha mkono mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa karibu kugusa masharubu ya Metodi pale Grozdan alipomkamata kiganja, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asishike jiko.

"Bosi, nakuomba. Mama yangu anaishi bonde hili."

Wakatazamana. Boyana alitazama saa. Zilibaki dakika mbili.

"Washenzi," Wiebe alisema, akajifutia mkono kwenye suruali. "Hata hivyo mmechelewa. Hakuna nakala, hakuna kitabu."

Akaielekeza rimoti kwenye gari la kijivu, akabonyeza. Mngurumo ukakoma.

Ilimlazimu. Amri ya kufuta ilikuwa inatoka makao makuu, na kishikwambi kisicho na mtandao hakisikii amri. Ili kitabu kife, ilibidi mawimbi yafunguliwe. Boyana alikuwa akisubiri hilo tangu alipoliona gari lile.

Saa sita kamili.

Pale uwanjani watoto walikuwa wameshika vishikwambi vya Librena walivyopewa shuleni, tayari kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mwalimu wao. Vioo vikageuka vyeupe, kimoja baada ya kingine. Msichana wa mbele alikitikisa chake. Mwingine alianza kulia. Wiebe aliwapa kisogo wote, akatabasamu na kutoa simu apeleke ripoti. Boyana hakulisahau tabasamu lile kwa muda mrefu, na kila alipolikumbuka alitaka kutema mate.

"Mwalimu," alisema. "Mjane ana ruhusa ya kuibandua?"

"Mjane ndiye mwenye ruhusa."

Nevena akainua kona ya tangazo kwa ukucha. Kadi nyeusi ikadondoka kiganjani mwa Boyana. Ubavuni mwa Casio kulikuwa na tundu jembamba. Akaisukuma ndani, saa ikaanza kutuma.

Asilimia ishirini.

Wiebe akageuka.

"Mpige risasi!"

Grozdan alikuwa bado anaikodolea macho karatasi aliyoilinda. Wiebe akampokonya Makarov. Boyana aliusukuma mlango kwa teke, marehemu wote wanane wakamgonga Wiebe usoni, bastola ikaruka hadi kwenye maua ya mwalimu. Pigo la pili lilikuwa la kiwiko, chini ya sikio. Mkuu wa usalama akakaa chini kama gunia.

Asilimia mia.

Kitabu kilikuwa kimefika Dawati kikiwa na tarehe na saa, ushahidi tosha mbele ya ofisi ya hataza. Kilikuwa kimefika nyumba za kusomea mia tatu. Kilikuwa kimefika pia duka dogo la mjini Plovdiv linalouza vitabu visivyo na kufuli: ukinunua ni chako, unamwazima jirani, unamrithisha mwanao, na hakuna mtu wa kuamka asubuhi na kukifuta.

Ndani ya nyumba ya kusomea, mashine inayokichapia kijiji matangazo ya msiba ilianza kutema kurasa za kitabu zenye joto.

Boyana aliwafunga wote wawili pingu. Wiebe alitaka wakili. Grozdan akauliza polepole:

"Mwalimu, ulisema bibi Sevda. Kwani ulimjua?"

Nevena alichambua kurasa, akatoa moja, akaiweka juu ya mikono ya Grozdan yenye pingu. Grozdan akasoma midomo ikicheza. *Dawa ya kikohozi cha watoto. Nimefundishwa na Sevda wa kinuni, ndiyo aliyomponyea mjukuu wake Grozdan akiwa na miaka minne.*

Akaisoma tena. Masikio yake yakawa mekundu.

"Karatasi ya Metodi umeihurumia," mwalimu alisema. "Na huyu uliyekuwa unamfuta?"

Grozdan aliomba tu abaki na ule ukurasa. Mwalimu alimwambia ni wake, nakala zipo.

Kisha akapaka gundi, akamrudisha mumewe mahali pake na kumlainisha kwa kiganja.

Redio ilikuwa imefufuka.

"Korongo, hali?"

"Kitabu kimetoka. Leteni gari la kuchukua mahabusu wawili."

"Na wewe?"

Boyana alikung'uta vipande vya kioo kwenye kiti cha Niva.

"Naenda kunawa mikono, nimemshika mtu wa Librena," alisema, akawasha gari.