Hatua za Katikati

Asubuhi ile jirani yetu, mchoraji wa katuni, alikuwa na kazi nyepesi tu: msichana wa katuni ainuke mezani, aende mlangoni. Akamwita bintiye atembee sebuleni amchunguze. Mtoto huyo sote tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Akaenda, akarudi, akaenda tena, huku akipiga soga na viti. Mama akachora kila hatua kwenye karatasi yake, akatia nukta kisiginoni, gotini na begani, kisha akaziunganisha kwa mstari aone mwili unavyopanda na kushuka. Karatasi akazibandika ukutani kwa mfuatano, kutoka mezani hadi mlangoni. Zilipendeza kweli.

Mchana mhariri wake akapiga simu. Tukio lilikuwa refu mno, lipunguzwe.

"Ila nakili kwanza, dada, ukate hizo nakala," akamwambia. "Michoro ya mtu hai haikatwi. Sisi wa zamani hatukati."

"Wazee na imani zenu!" Mama akacheka. Kunakili ni kazi, naye alikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka, tunaisema wote, anayeisikia ni nani? Akabandua hatua za katikati, akazichana, akazitia motoni.

Chiriku alikuwa mezani akisimulia mambo ya shule. Sauti ikakatika. Ikaendelea mlangoni.

Mama akageuka. Mtoto alikuwa ameshika kitasa, macho yamemtoka.

"Mama," akanong'ona, "nimefikaje huku?"

"Umetembea, mwanangu."

"Sijatembea."

Akamwambia arudi, akamkazia macho bila kupepesa. Hatua moja. Ya pili. Kisha hakuna mtu. Sebule tupu. Mama akaita, akaita tena. Ndipo Chiriku akawa mezani, analia, mikono baridi. Mama akaingiwa na hofu ambayo hajawahi kuijua: kwamba safari nyingine mtoto ataingia pale katikati asitoke.

"Kaa hapo. Usiinuke, nakuomba."

Akachora. Hakuthubutu kumwomba mtoto atembee tena, kwa hiyo alichora kwa kukumbuka tu, magoti ya mchoro yakikataa kukaa mahali pake. Akabandika palipokuwa na pengo.

"Haya. Njoo polepole."

Chiriku akaja. Alipita pale pote, hakupotea hata kidogo. Mama akamkumbatia, akalia kwa sauti, akamshukuru Mungu. Kwamba mtoto alinyamaza kwa zile hatua chache za katikati, hakulitia maanani.

Kesho yake akapiga deki sebuleni. Chiriku, hana subira yule, akainuka mezani, akapita pekupeku sakafu ikiwa bado na maji, akatoka kucheza. Mama akainama na tambara afute alama.

Penye meza, nyayo ndogo. Penye mlango, nyayo ndogo.

Za katikati zilikuwa kubwa.

Akavua kandambili. Akaweka mguu wake juu ya unyayo mmojawapo. Haukuujaza.

Huko nje sauti ya mtoto ikaita, "Mama!" Ikaita tena. Mama alisimama pale pale juu ya unyayo ule, akaogopa kuitika.