Waliiwasha Boila Niliyoikataa

Jamani, niliishika ile karatasi nikaisoma mara mbili...

Cheti cha ukaguzi wa boila. Kinasema boila ni salama. Chini pana jina langu, Injinia Mweri Charo, na sahihi yangu.

Haki ya Mungu, sikuitia mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Mtopanga, injinia katika kiwanda cha mafuta ya kupikia hapa Changamwe. Ile boila nilikuwa nimeikataa, kwa kuwa vali ya kutolea mvuke ilikuwa imekwama. Mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Ni bomu hilo.

Lakini meneja wetu, Bwana Mwarandu, alikuwa akigombea ukurugenzi na mwenzake wa Nairobi, na wakubwa walikuwa wanakuja siku hiyo. Alitaka wakikute kiwanda kinanguruma. Nilipokataa kutia sahihi, alidai nimetumwa na mahasimu wake.

Sasa nani aliiiga sahihi yangu?

Nikamtazama Dorothy, injinia mwenzangu. Miaka sita tunakula sahani moja. Akainamisha macho...

Sikulia. Nilishuka chini, nikamkuta Mzee Kitsao, mhudumu wa boila, ameshaiwasha. Nikamweleza, akaizima. Nikatoa watu wote nje, nikasimama mlangoni mwa chumba cha boila.

Meneja akaja na askari wa lango.

"Mweri, toka hapo. Kazi huna tena."

"Kazi chukua, bwana. Mlangoni sitoki."

Askari wakanishika mikono. Mzee Kitsao akaja akasimama kando yangu. Kisha wenzake, mmoja mmoja, hadi mlango ukajaa watu.

Tulikabana hivyo karibu saa nzima. Mara gari la mkaguzi wa serikali likaingia. Akaipima vali, akaifunga boila palepale, wakubwa nao wameshafika, wakitazama.

Wengi mtadhani mimi ndiye niliyemwita. Hapana.

Ni Dorothy.

Alinifuata uani akakiri. Mwarandu alimwahidi cheo cha injinia mkuu, naye akaiiga sahihi yangu. Aliponiona nimeshikwa na askari, roho ilimsuta, akampigia mkaguzi.

"Nisamehe, dada."

"Yaandike hayo kwanza, uyapeleke polisi. Msamaha tutauzungumza baadaye."

Akaandika, akijua kazi ataipoteza. Akaipoteza kweli, na Mwarandu pia. Mimi nilirudishwa, na msamaha bado tunauzungumza.

Wadogo zangu mnaosomea uinjinia, ofisini watawauliza mko upande wa nani. Waambieni mko upande wa yule anayesimama karibu na mtambo.