Robo Saa ya Kunyamaza

Kila akitoka shule, binti alitandika mkeka sebuleni, akapanga wanasesere na chupa tupu, akaanza kuwafundisha udaktari. Mama yake alikuwa profesa, mkuu wa kitengo cha dharura katika hospitali kubwa, na binti alimwiga kila kitu, mpaka namna ya kushusha miwani. Siku hiyo chupa tupu hazikumtosha. Alichukua vidonge vya bibi vya presha, akavimimina kwenye kisahani, kisha akaenda jikoni kunywa maji. Huko akanogewa na gumzo la bibi, akajisahau.

Aliporudi, kisahani kilikuwa kitupu. Mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye nyumbani walimwita Mzee kwa jinsi alivyopenda kutoa amri, alikuwa akilamba vidole. Binti aliogopa kuchapwa, na aliogopa zaidi uso wa mama yake. Akasukuma kisahani chini ya kochi, akanyamaza.

Baadaye Mzee akalegea kama nguo mbichi, akawa haitiki akiitwa. Baba, aliyekuwa akiranda mbao uani, alimbeba mbiombio, akapanda na binti gari la jirani hadi hospitali ya mama. Njia nzima alimuuliza binti, mtoto amekula nini, naye akajibu hajui.

Katika chumba cha dharura mama alimwona mwanawe, akashtuka, lakini akarudi nyuma mpaka ukutani. Kanuni aliiweka mwenyewe: daktari hamtibu mtoto wake. Daktari kijana, mwanafunzi wake, ndiye aliyeshika usukani. Alipima hiki na kile, kisha akasema mapigo ya moyo yanazidi kushuka na haoni sababu. Binti hakuwahi kumwona mama yake akiwa hana la kufanya. Akazidi kuogopa. Mama akampigia magoti.

"Mwanangu, sikuulizi nani kakosa. Nauliza kameza nini."

Binti aliinamia viatu vyake.

"Vidonge vya bibi vya presha," akanong'ona. "Vilikuwa kumi. Nilivimimina mimi."

Daktari kijana akaagiza dawa papo hapo, wauguzi wakatoka mbio. Binti aliketi sakafuni akisikiliza mlio wa mashine, akihofia kila mara kwamba mwingine hautafuata. Zilipita saa mbili. Ndipo Mzee alipofumbua macho, akaamuru atolewe sindano mkononi sasa hivi. Baba alicheka huku akifuta machozi.

Mama alimpeleka binti ofisini kwake, akafunga mlango. Binti alingoja kofi, lakini halikuja.

"Nilipokuwa daktari mpya," mama alisema, "nilimpa mgonjwa dawa isiyo yake. Nikaogopa, nikanyamaza robo saa. Nilipokuja kusema, tulikuwa tumechelewa. Tangu hapo nimesoma, nimepandishwa vyeo, nimefundisha mamia. Wote naanza kuwafundisha robo saa ile."

"Na mimi nimenyamaza muda gani, mama?"

"Umenizidi. Dawa si ya kuchezea, hilo sasa unalijua. Na ukikosea, usingoje hofu iishe ndipo useme. Haiishi. Sema hivyo hivyo, ukiwa unaogopa."

Binti alimuuliza kama na yeye leo aliogopa. Mama akasema hajawahi kuogopa hivyo katika kazi yake yote, kisha akamkumbatia, wakalia pamoja.

Waliporudi nyumbani, binti hakungoja hata kuvua viatu. Alimwendea bibi huku moyo ukimwenda mbio, akamweleza vidonge vyake vimekwenda wapi.