Miguu Miwili ya Kushoto

Kila siku akitoka shule, Chaki alikuwa na kazi tatu. Kufua soksi zake, kuchambua mchele, na kupita mbele ya mlango wa chumba cha kushonea bila kugeuza shingo. Zile mbili za kwanza alizifanya huku akiimba. Hii ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho.

Chumba hicho kilikuwa cha bibi yake, mama mzazi wa baba yake. Bibi alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, si wa kubahatisha. Ndiye aliyempa mjukuu wake jina la Chaki, siku alipomkuta chini ya meza, mwaka mmoja na nusu tu, akitafuna chaki ya kuchorea vitambaa kama biskuti. Jina la shule lilibaki kwenye daftari la mwalimu; nyumbani na mtaani kote alikuwa Chaki. Miezi miwili iliyopita Bibi aliugua ghafla siku ya Alhamisi, na Jumapili akazikwa. Tangu hapo cherehani ilifunikwa shuka jeupe, dirisha likafungwa, pazia likashushwa, na mama yake Chaki akasema, "Humo mtu asiguse kitu."

Juu ya rafu iliyokuwa karibu na mlango, Bibi aliacha kitambaa cha pamba laini, cha samawati, chenye majani madogo meupe. Alikinunua kwa ajili ya Babu. Babu alikuwa apasuliwe ngiri, na Bibi alijua mtu mwenye kidonda tumboni havumilii mkanda wala kifungo. Alitaka kumshonea suruali ya kulalia, pana, ya kamba. Hakuwahi. Sasa Babu alikuwa amekwisha kupasuliwa, Baba alikuwa naye hospitali akimuuguza, na Jumamosi wangerudi nyumbani. Shangazi, dada yake Baba, ambaye naye ni fundi katika karakana ya sare za shule, alituma ujumbe: "Kitambaa cha mama nitunzieni. Ijumaa nakuja kukishona mwenyewe."

Jumanne mchana Mama alikwenda hospitali kupeleka chakula. Chaki akabaki peke yake na mawazo yake, na mawazo ya Chaki yalikuwa hayakai mahali pamoja. Suruali ya kulalia! Haina zipu, haina mfuko, haina kola. Kuna nini hapo cha kumshinda mtu aliyekulia chini ya cherehani? Alijiona Jumamosi akimkabidhi Babu suruali iliyokunjwa vizuri, na watu wote wakisema, kumbe Bibi ameacha mrithi. Akafungua mlango.

Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na pasi ya moto, kana kwamba Bibi ametoka sasa hivi kwenda kumpokea mteja. Chaki alijikaza. Akapandisha pazia, akalisukuma dirisha kupata mwanga, akakitandaza kitambaa mezani chote, kikawa kimelala wazi, upana wake wote. Hapo akaona kitu ambacho hakukitarajia. Kwenye kona moja palikuwa na mistari ya chaki, mistari ya mkono wa Bibi. Alikuwa ameanza! Alichora mguu mmoja wa suruali, mbele na nyuma pamoja, wenye kipinda, ule mkato wa kuzunguka makalio, kirefu nyuma na kifupi mbele. Mguu wa pili haukuwepo.

"Maskini Bibi," Chaki alinong'ona. "Hakuwahi kumalizia."

Akachukua mkasi mkubwa, akaufuata mstari wa Bibi taratibu mpaka mguu ukatoka. Kisha akauweka juu ya kitambaa kilichobaki, vilevile ulivyokuwa, akauzungushia chaki, akakata wa pili. Kazi safi. Alijisikia mkubwa. Akabandika pini ili aone suruali inavyokaa.

Haikukaa. Kipinda kirefu kilikwenda kugongana na kifupi. Aliugeuza mguu huku, akaugeuza kule, akatoa pini, akazirudisha. Mwishowe akailaza miguu yote miwili mezani, uso juu, ubavu kwa ubavu, akaitazama. Macho yakamtoka. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Ndipo alipomkumbuka Bibi, na hakumkumbuka polepole. Alimkumbuka kama mtu aliyesimama nyuma yake. Kabla ya kukata kitambaa chochote, Bibi alikuwa akikikunja mara mbili, akikipiga kofi dogo na kusema, "Uso kwa uso." Kila mara, maisha yake yote. Chaki aliyasikia maneno hayo mara mia, akadhani ni namna yake tu ya kuanza kazi, kama mtu anavyokohoa kabla ya kuongea. Kumbe ilikuwa kazi yenyewe. Upande unaong'aa unautazama mwenzake, unachora mguu mmoja tu, mkasi unakata miwili kwa pamoja, wa kulia na wa kushoto. Bibi hakuacha mchoro nusu. Bibi alikuwa amemaliza.

Chaki akaviviringisha vitambaa vile, akavisukumiza chini kabisa ya kapu la vipande, akalivuta dirisha, akashusha pazia, akatoka mbio.

Jumatano alasiri, akichambua mchele uani, alisikia sauti.

Tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak-tak.

Mchele ulimmwagika miguuni. Sauti ile aliijua kabla hajajua kuongea. Ni sindano ya cherehani ikipanda na kushuka. Na ilitoka chumba cha kushonea, ambamo hamkuwa na mtu.

"Amekasirika," alijiambia. "Anakitafuta kitambaa chake."

Angekuwa peke yake aliyesikia, huenda angejiambia anaota. Lakini Mama naye alitoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama ukumbini akiutazama mlango ule. Baadaye akarudi kwenye sufuria yake, na chakula cha siku hiyo kikaungua.

Alhamisi Mama alitaka kukipiga kitambaa pasi kabla Shangazi hajafika. Aliufungua mlango kidogo, akapapasa rafu, hakuna kitu. Akaufunga upesi, hata yeye hakutaka kuingia ndani.

"Chaki, kile kitambaa cha Bibi umekiona?"

Hapo ndipo ukweli ungetoka. Ulikuwa umeshafika mdomoni. Lakini Chaki aliutazama uso wa Mama, uliochoka kwa safari za hospitali, akaogopa.

"Sijakiona, mama."

Mama alikitafuta kabatini, chini ya vitanda, ndani ya masanduku. Alipomaliza akaketi sakafuni katikati ya nguo zilizotapakaa. "Tulipogawa nguo za marehemu lazima nilikigawa humo humo," alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Kitu kimoja tu alichoniachia nimtunzie. Kimoja! Jana chakula kimeungua, leo kitambaa. Na ile sauti... Chaki mwanangu, niambie kweli, wewe huisikii? Au ni kichwa changu kinaharibika?"

Na kana kwamba ilikuwa ikisubiri kutajwa, ikaanza. Tak-tak-tak.

Mama akaziba masikio kwa viganja. "Ananiuliza," alisema. "Ananiuliza nimekipeleka wapi."

Chaki alikuwa akimwogopa Bibi tangu jana. Sasa alijiogopa mwenyewe. Alimwacha mama yake akae pale sakafuni akiamini anapotelewa na akili, naye akatoka kwenda kufua soksi ambazo tayari zilikuwa safi. Kila aliposugua aliiona mezani ile miguu miwili ya kushoto, ubavu kwa ubavu.

Ijumaa alasiri Shangazi aliingia kwa kishindo chake cha kawaida, mkoba begani, tepu ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mla chaki! Kitambaa kiko wapi? Kesho mgonjwa anaingia, nataka nikate sasa hivi."

Mama alisimama. "Wifi, nisamehe. Sijui nikuambieje. Nimekipoteza. Siku hizi mimi si mzima, kwa kweli, nasikia mpaka..."

"Si yeye!" Chaki alipiga kelele. "Mama hakupoteza kitu! Ni mimi. Nilikikata, nikakiharibu, nikakificha. Na sauti ninaisikia, mama, hata mimi ninaisikia. Bibi ananitafuta mimi, hakutafuti wewe." Akaangua kilio cha kwikwi, kile ambacho mtu hawezi kukizuia hata akijiziba mdomo.

Kisha, kutoka chumbani: tak-tak-tak.

Mama alimshika Shangazi mkono. Lakini Shangazi alikuwa mtu wa karakana, amezungukwa na cherehani kutwa nzima, na alikunja uso. "Hiyo si cherehani," alisema. "Cherehani haipumziki hovyo hivyo. Twende, Chaki. Wewe mbele, ukanionyeshe ulikoficha."

Chaki aliingia kwanza. Shuka jeupe lilikuwa limetulia juu ya cherehani. Shangazi hakulitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapandisha pazia. Ndoano ya chuma ya kufungia dirisha ilikuwa inaning'inia, na kila upepo wa alasiri ulipopita, iligonga fremu. Tak-tak-tak.

"Dirisha hili lilifungwa siku ya mazishi, nililifunga mwenyewe. Nani alilifungua?"

"Mimi," Chaki alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka mwanga. Nikaharakisha kutoka, sikuirudisha ndoano."

"Basi huyo ndiye mzimu wenu." Shangazi akaibana ndoano mahali pake. Kimya kikaingia chumbani, kimya cha kawaida. Mama alicheka kidogo, halafu akalia sana, na Chaki akamkumbatia kiunoni akirudia, "Nisamehe mama, nisamehe mama," mpaka Mama akamshika kichwa na kukituliza tumboni mwake.

Shangazi alichakura kapuni, akaitoa miguu miwili, akailaza mezani. Akaupitisha mkono juu ya mstari uliobaki wa mama yake, ambao Chaki aliukata kwa uangalifu mkubwa. Macho yake yalilowa, lakini sauti haikulowa.

"Umekata vizuri. Umekunja vibaya, yaani hukukunja kabisa. Haya, mguu mmoja ugeuze, mgongo juu."

Chaki aliugeuza. Kipinda kirefu kikahamia upande wa pili. Papo hapo ukawa mguu wa kulia.

"Lakini shangazi, mgongo wa kitambaa hauna rangi nzito, huu utaonekana umepauka!"

"Utapauka, ndiyo. Kila mtu ataona ulipokosea. Na utaushona wewe, si mimi."

Akalivua shuka jeupe, akalikunja. Chaki akaketi kwenye kiti cha Bibi kwa mara ya kwanza. Alishona kila mguu peke yake, mshono wa ndani, kutoka juu mpaka kwenye kifundo. Mmoja akaugeuza, akauingiza ndani ya mwenzake, mishono ikutane, akashona kile kipinda cha kati, mara mbili ili kisipasuke mtu akichuchumaa. Mshono wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi. Shangazi akaufumua wote bila huruma, akamrudisha mwanzo. Kisha pindo la kiunoni, pana la kupitisha kamba, na mwisho pindo za chini. Jua lilipozama, suruali ilikuwa mezani, mguu mmoja wa samawati iliyoiva, mwingine wa samawati kama ya mvua.

"Sasa nisikilize," Shangazi alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Kitambaa kilichokatwa vibaya nimekugeuzia, kikakaa. Lakini mama yako jana kutwa nzima aliamini anapata wazimu, na wewe ulikuwa unajua. Siku hiyo hakuna fundi wa kuigeuza. Ukikosea, sema palepale, kosa likiwa bado la kitambaa. Ukilificha, linahamia kwa mtu."

Chaki alimtazama mama yake. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi Babu alifika akitembea hatua ndogondogo, Baba amemshika kwapani. Chaki alimpelekea suruali mwenyewe, akamweleza yote, tangu dirisha mpaka uongo, bila kuruka. Babu aliivaa, akafunga kamba kwa kuilegeza, akaitazama miguu yake mmoja mmoja, na mabega yakaanza kutikisika.

"Usinichekeshe, mtoto, nyuzi zitakatika!" Alishika tumbo. "Unajua suruali ya kwanza aliyonishonea bibi yako? Mifuko yote miwili upande mmoja. Aliniletea mkononi, akasema, 'Nimekosea, lakini utaivaa.' Nikaivaa mpaka ikachanika."

Wiki iliyofuata Shangazi alileta kitambaa kingine, cha suruali ya pili. Babu alikuwa amelala kitandani, Mama ameketi kando yake akimenya viazi. Kutoka chumba cha kushonea walisikia kofi dogo juu ya meza, na sauti nyembamba ikisema, "Uso kwa uso." Baadaye kidogo ikaanza: tak-tak-tak-tak.

Kisu cha Mama kilisimama. Babu aligeuza kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni Chaki, baba," Mama alisema, akaendelea kumenya.

Babu akafumba macho. "Mwambie asikimbie akifika kwenye kipinda. Bibi yake naye alikuwa akikimbia pale." Akasikiliza mpaka mshono ukaisha.