Kiti cha Mfumwa

Zama zile wanaume walipovaa ngozi za mbega na kujiona wamependeza, milima ya Ugweta ilitawaliwa na Mfumwa Kibacha, bwana wa mikuki mia nne na tumbo moja lisilo na mpinzani. Bwana huyo alichukua maji ya bonde zima akawapa wakwe zake. Ndipo mjane Nakijwa alipokusanya jamaa zake, wakateremka jangwani na vibuyu vya mbegu za mtama. Mfumwa alicheka, akaapa kwamba mtama ukikauka atawarudisha wawe watumwa wake.

Haukukauka. Walianzia korongoni, kwenye chemchemi isiyo na mwenyewe, wakachimba mfereji kuelekea chini. Kila walipopiga hatua waliruhusu maji kidogo yawafuate, yawaonyeshe mteremko. Mwamba ukiwazuia, waliuwashia moto kisha wakaumwagia maji hadi upasuke. Juu ya mashamba walijenga ndiva, bwawa la udongo na majani, likajaa pomoni.

Habari zilipofika mlimani Mfumwa aliacha kucheka. Watu wake wengine walikuwa wameanza kufunga mizigo wamfuate Nakijwa. Akateremka na jeshi lake lote, ngao za ngozi ya nyati zikimeta, yeye mwenyewe akibebwa mabegani na vijana wanne waliostahili kuhurumiwa.

Nakijwa hakuwa na mikuki. Alikuwa na sheria. Babu wa Kibacha ndiye aliyeiweka: yeyote anayekanyaga maji ya mfereji siku yanapofunguliwa, atashika jembe pamoja na wenye mfereji mpaka mavuno ya kwanza. Hakuna Mgweta aliyewahi kuivunja, kwani waliamini chemchemi humkaukia mvunjaji na ukoo wake.

Jeshi lilipofika katikati ya mashamba, Nakijwa akabomoa ukingo wa ndiva. Maji yakateremka kwa adabu, yakatandaa, yakafika vifundoni. Wapiganaji wakatazama miguu yao. Jemadari Mshitu, aliyelielewa jambo kabla ya wengine, akashusha mkuki na kuuliza kwa sauti ya huzuni majembe yako wapi.

"Mimi sijakanyaga," alinguruma Mfumwa kutoka juu.

Hapo vijana wanne wakateleza. Wengine husema waliteleza kwa hiari. Mfumwa akatua matopeni kwa kishindo, miguu ikiwa juu.

"Sheria inataja miguu," alisema upesi, akiishikilia hewani. "Makalio haijayataja."

"Ni kweli, Mfumwa wangu," Nakijwa alijibu, akipiga goti kwa heshima zote. "Basi inuka uende zako. Hakuna atakayekuzuia."

Mfumwa akafikiri. Akaomba abebwe, lakini watu wake walikuwa wameshashika majembe, na mkulima hana nafasi ya kubeba watu. Akaketi huku jua likimchoma na miguu ikimtetemeka, watoto wakimletea uji na kumwamkia vizuri. Jioni miguu ikasalimu amri.

Alilima mpaka mavuno. Husemwa alikuwa hodari wa palizi. Mtama ulipokomaa alirudi mlimani amekonda, akawarudishia watu wa bonde maji yao, lakini nusu ya jeshi ilikataa kuondoka. Ilikuwa imeshajenga na kuoa.

Ndivyo ulivyozaliwa mji uitwao Kiti cha Mfumwa. Wageni wakifika huomba kuonyeshwa hicho kiti cha enzi. Wenyeji huwapeleka kwa taadhima hadi kwenye shamba la mtama, wakawaonyesha tope.