Sauti Chini ya Piano

Elspeth Tulloch alirudi kutoka redioni akamkuta mama yake bado ameketi jikoni, visikizio masikioni. Matangazo yalikuwa yamekwisha, na supu ya kondoo mbele yake imeganda mafuta.

"Umepiga piano vizuri leo," mama alisema bila kugeuka. "Ila mngemwacha Lachlan amalize. Mmemkatiza na yule mchekeshaji wenu."

Lachlan alikuwa kaka yake Elspeth. Alikwenda vitani Ufaransa, na kilichorudi mjini kwao Launceston ni telegramu tu. Hata kaburi hana.

"Mama, studioni tulikuwa watatu. Bwana Denby alitangaza, Perce akachekesha, mimi nikapiga piano."

"Basi mlikuwa wanne," mama akasema.

Kesho yake jioni Elspeth alipanda tena ngazi za studio, chumba kimoja juu ya duka la baiskeli, kilichofunikwa mapazia mazito toka dari hadi sakafu ili sauti zisirudi. Ndani mlikuwa na harufu ya tope bichi.

"Nani kaingia na viatu vya machimboni?" Perce Gannon aliuliza, akijinusa kwapa. "Mimi nimeoga Jumapili, msinitazame."

Horace Denby, mtangazaji, hakucheka. Alingoja Perce atoke kuvaa pua yake ya bandia, ndipo akamsogelea Elspeth. "Na wewe unaisikia harufu, binti?" alinong'ona. "Nilidhani ni mimi tu."

Taa nyekundu ikawaka. Denby akawakaribisha wasikilizaji kwa sauti yake ya hariri, na Elspeth akaanza kipande cha taratibu, cha usiku na maji. Katikati yake aliona pazia la nyuma ya piano likitokeza, pole pole, kama lililoegemewa na bega la mtu.

Usiku ule alikuta buti za mama mlangoni, zimelowa tope la mto Tamar hadi vifundoni.

"Ulikwenda wapi, Mama?"

"Karibu tu. Aliniambia nitangulie kuzoea njia."

Siku iliyofuata Elspeth akaomba mwenzake ampigie piano, akabaki nyumbani. Wakakaa vichwa vimegusana, kila mmoja na kisikizio kimoja sikioni. Muziki ulikuja na mikwaruzo. Kisha, chini ya piano, mtu akavuta pumzi.

"Njoo mtoni, Mama," alisema Lachlan. "Maji si baridi ukishazoea. Mlete na Elsie."

Ilikuwa sauti yake kabisa, hata ule mkwaruzo mdogo wa koo, na Elspeth alisikia magoti yake yakitaka kuinuka yenyewe. Akakivua kile kisikizio kwa nguvu.

"Mama, Lachlan alikuwa na kigugumizi. Kuniita Elsie tu kulimtoa jasho. Huyu anatiririka."

"Huko aliko amepona," mama alijibu, akitabasamu kwa mashavu yaliyobaki mifupa.

Elspeth akazikata nyaya kwa mkasi wa kushonea. Mama hakugombana naye. Aliendelea kukaa na visikizio vilivyokufa, akiitikia kwa kichwa, na hapo Elspeth akajua kwamba kitu kile hakikukaa jikoni kwao, bali kule studioni, ndani ya muziki wake.

Jumamosi Perce alichekesha, akaimba wimbo wake wa kuku, akatoka. Elspeth akaanza kupiga. Harufu ya tope ikapanda mpaka ikamkaa kooni, mapazia yote manne yakavimba kwa pamoja kama chumba kimejaa watu waliosimama nyuma yake wakingoja kuitwa, na baridi ikamtambaa mgongoni hadi vidoleni, naye akaendelea kupiga, akapiga, hadi alipohisi pumzi yenye maji ikimgusa sikio, ndipo akainua mikono, akainama kwenye maikrofoni iliyokuwa wazi kwa mji mzima.

"Wewe uliyejificha kwenye muziki wangu," alisema, "wewe si Lachlan Tulloch. Lachlan amekufa. Alikufa kwenye tope, peke yake, na sisi tumemlilia. Huna mtu wako hapa. Toka."

Alimtazama Denby, akijua atazima mitambo na kumfukuza kazi. Denby alikuwa ameficha uso kwa viganja. "Marehemu mke wangu Ada," alikuwa akisema. "Nilijua si Ada. Nilijua."

Mapazia yakalala. Harufu ikakatika.

Kisha simu ikalia, na ilipowekwa chini ikalia tena. Mwanamke alimtukana Elspeth huku analia. Mwingine alidai piano iendelee. Wa mwisho alikuwa mzee Amos Whitford, fundi saa, aliyepoteza wana wawili vitani.

"Warudishe, binti yangu," alisema kwa upole. "Wanangu walikuwa hawajamaliza kunielekeza njia."

Elspeth alikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa ameangusha kichwa mezani, analia kama watu wanavyolia siku ya msiba, kwa sauti, na alipomaliza akaomba supu.

Lakini alfajiri wavuvi walimkuta mzee Whitford ndani ya Tamar, maji kifuani, amesimama wima na midomo imegeuka buluu. Wakamwita. Wakamwambia redio imezimwa tangu jana, atoke, atakufa kwa baridi.

"Nyamazeni," mzee aliwaambia, ameinamisha sikio juu ya maji. "Wanangu sasa hawahitaji waya."